Kazi ya Kujitolea katika Makazi ya Wakimbizi: Kutoka Barabara ya Tunduma hadi Nyarugusu

Huduma za msingi katika kambi na makazi ya wakimbizi nchini Tanzania, yaani maji, vyoo, tiba na shule, zimetegemea kwa miaka zaidi ya themanini mikono ya watu wasiolipwa mshahara. Mashirika yameleta mabomba, dawa na fedha; Serikali imetoa ardhi na sheria. Lakini aliyechimba mtaro, aliyekesha na mgonjwa na aliyefundisha watoto kabla shule haijaezekwa mara nyingi alikuwa mkimbizi mwenyewe, au kijana wa Msalaba Mwekundu, au mwanakijiji wa jirani. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanyika magharibi na kusini magharibi mwa nchi, katika maeneo ambayo baadhi yake yanafikiwa kwa barabara zinazokutana Tunduma.

Tunduma ni mji wa mpakani, ukitazamana na Nakonde ya Zambia. Uko katika Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016 na kupewa makao makuu Vwawa, wilayani Mbozi. Barabara kuu inayotoka Iringa na Mbeya inagawanyika hapo: tawi moja linavuka kwenda Zambia, jingine linapanda kaskazini magharibi kwenda Sumbawanga na Mpanda. Tawi la kwanza limepitisha wakimbizi wa kisiasa na wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika. La pili linafika Katumba na Mishamo, makazi mawili ambayo ndiyo mfano bora zaidi nchini wa wakimbizi kujijengea huduma zao wenyewe.

Wakimbizi wa mwanzo kuwekwa kambini kwa wingi katika Nyanda za Juu Kusini hawakutoka Afrika. Walikuwa Wapolandi. Mwaka 1940 na 1941 utawala wa Stalin uliwahamisha kwa nguvu raia wengi wa mashariki mwa Poland na kuwapeleka Siberia na Kazakhstan. Baada ya mapatano ya Julai 1941 kati ya serikali ya Poland iliyokuwa uhamishoni na Umoja wa Kisovieti, sehemu yao walitoka kupitia Iran, na kuanzia mwaka 1942 wanawake, watoto na wazee zaidi ya 18,000 walisambazwa Afrika Mashariki na Kusini chini ya Waingereza. Tanganyika ilipokea kambi ya Tengeru karibu na Arusha, iliyofikia watu karibu 5,000, pamoja na Kondoa, Morogoro, Ifunda na Kidugala. Kidugala, karibu na Njombe, ilikuwa misheni ya Kijerumani. Ifunda iko kando ya barabara ya Iringa. Ng'ambo ya mpaka, kwenye mji ambao leo unaitwa Mbala na wakati ule Abercorn, kulikuwa na kambi nyingine ndogo.

Wanaume wengi wa familia hizo walikuwa vitani au wamekufa. Kwa hiyo shule, zahanati, jiko la pamoja na kikundi cha skauti viliendeshwa na akina mama, mapadre na walimu waliokuwa wakimbizi pia. Kazi ngumu za ujenzi zilifanywa na vibarua Waafrika wa maeneo ya jirani, ambao kumbukumbu za kambi hizo huwataja kwa nadra sana. Kambi zilipofungwa kuelekea mwishoni mwa miaka ya 1940, majengo yalibaki na kupata kazi nyingine. Ifunda ikawa shule ya ufundi, na Kidugala ikawa seminari ya Kilutheri. Yaliyojengwa kwa ajili ya wageni wa muda yaliishia kusomesha watoto wa wenyeji, jambo ambalo lingejirudia baadaye kwa kiwango kikubwa zaidi.

Baada ya uhuru wa mwaka 1961 Tanganyika ilijikuta imezungukwa na nchi zenye vita au ukandamizaji. Wanyarwanda waliingia kutoka kaskazini magharibi. Baadhi ya waliokuwa wamekimbilia Kivu walihamishiwa Mwese, katika nyanda za Mpanda. Kuanzia mwaka 1964 Wamsumbiji walivuka mto Ruvuma na kuwekwa katika makazi kama Rutamba mkoani Lindi na Muhukuru karibu na Songea. Kupitia Tunduma waliingia vijana wa Afrika Kusini, Rhodesia na Afrika ya Kusini Magharibi, ambayo sasa ni Namibia, wakielekea Mbeya na kuendelea hadi Dar es Salaam. Hao wa mwisho hawakuwa familia, na njia yao iliishia katika kambi za mafunzo na ofisi za vyama vya ukombozi.

Mwaka 1964 ndipo lilipoanzishwa shirika ambalo liliacha alama kuliko jingine lolote katika kazi hii: Tanganyika Christian Refugee Service, linalojulikana zaidi kwa herufi zake TCRS, tawi la Shirikisho la Kilutheri Duniani. Mpango wake ulikuwa wa pande tatu. Serikali ilitoa ardhi na mkuu wa makazi, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR) lilitafuta fedha, na TCRS ilifanya kazi shambani: kupima viwanja, kupasua barabara, kuchimba visima, kujenga zahanati na madarasa. Wataalamu walitoka nje na ndani ya nchi. Nguvu kazi ilikuwa ya wakimbizi.

Mtihani mkubwa ulikuja mwaka 1972. Mauaji yaliyoanza Burundi mwishoni mwa Aprili mwaka huo, ambayo Warundi wengi huyaita Ikiza, yaliua watu zaidi ya 100,000 na kuwasukuma wengine makumi ya maelfu kuvuka mpaka. Serikali ya Mwalimu Nyerere haikutaka wabaki Kigoma kando ya mpaka. Iliwapeleka ndani ya nchi, kwenye misitu ya miombo yenye watu wachache: Ulyankulu mkoani Tabora mwaka 1972, Katumba karibu na Mpanda mwaka 1973, na mwaka 1978 Mishamo, kwa sababu Ulyankulu ilikuwa imezidiwa na watu. Katumba na Mishamo zilikuwa katika Mkoa wa Rukwa. Tangu mwaka 2012 ziko Katavi.

Sababu ya misitu hiyo kuwa mitupu ilijulikana na kila mtu wa Mpanda. Kulikuwa na mbung'o, na mbung'o huleta malale. Familia zilizoletwa na malori zilikabidhiwa majembe, mapanga, mbegu na chakula cha msaada cha kuwafikisha kwenye mavuno. Walifyeka kwanza, kisha wakajenga vibanda vya nyasi, kisha nyumba za matofali ya udongo. Katika Mishamo vijiji vilipangwa kwa mistari ya barabara zilizonyooka, kila kaya na shamba lake la hekta kadhaa upande mmoja wa barabara au mwingine. Mpango huo ulifuata fikra za Azimio la Arusha na vijiji vya ujamaa. Mkimbizi alitakiwa ajitegemee kama mwanakijiji mwingine yeyote, ila tu yeye hakuruhusiwa kutoka bila kibali. Sheria ya wakimbizi ya mwaka 1965 ilimfunga katika eneo alilopangiwa.

Namna kisima kilivyochimbwa huonyesha mgawanyo wa kazi ulivyokuwa. Kisima kifupi cha mkono huchimbwa mwishoni mwa kiangazi, Septemba au Oktoba, maji yakiwa yameshuka chini kabisa, ili mwaka unaofuata kisikauke. Kijiji hutoa wachimbaji kwa zamu. Mmoja yuko shimoni na sururu na koleo fupi, wawili juu wanavuta ndoo ya udongo kwa kamba. Pete za zege humiminwa kando ya shimo katika kalibu ya chuma, zikakauka kwa siku kadhaa chini ya magunia yaliyoloweshwa, kisha zikashushwa moja juu ya nyingine. Nafasi iliyobaki kati ya pete na ukuta wa udongo hujazwa kokoto za kuchuja maji. Juu hufunikwa kwa bamba la zege, pampu ikafungwa, na kuzunguka kisima kukasakafiwa na kuchongwa mfereji wa kupeleka mbali maji yaliyomwagika. Shirika huleta saruji, nondo, kalibu, pampu na fundi. Mchanga, kokoto, maji ya kuchanganyia, uchimbaji wote na ua wa miti wa kuzuia mbuzi hutoka kijijini, bure.

Kazi haikuishia kwenye uzinduzi. Pampu ya mkono ina vipira vinavyochakaa, na fimbo zake hukatika. Kamati ya maji ilihitaji mtu wa kutunza spana, mtu wa kukusanya michango, na mtu wa kuwakemea wanaofua nguo juu ya sakafu ya kisima. Mahali kamati ilipokuwa hai, kisima kilidumu. Ilipolala, wanawake walirudi bondeni kuchota maji ya madimbwi. Jambo hilo halikuwa la wakimbizi peke yao. Vijiji vingi vya Mbozi, Momba na Ileje vimepitia hali hiyohiyo, na mtu wa Songwe aliyewahi kukaa katika kamati ya maji angetambua kila mgogoro wa Mishamo bila kuelezwa.

Shule zilijengwa kwa utaratibu huohuo, na watoto wakasoma mtaala wa Tanzania kwa Kiswahili. Wakimbizi waliokuwa na elimu kidogo walishika chaki kabla walimu wa Serikali hawajafika. Makanisa, ya Kikatoliki, Kianglikana na Kipentekoste, yalitoa wahudumu wa wagonjwa na vikundi vya kuwalimia wajane na wazee. Warundi walikuja na desturi yao ya kulimiana kwa zamu, ikibiri, na hiyo ndiyo iliyofanya mashamba ya wasiojiweza yasibaki pori. Katika misimu michache makazi hayo yalianza kuuza mahindi, maharage na tumbaku nje. Mgawo wa chakula ulisitishwa, na TCRS ikaanza kukabidhi makazi kwa Serikali moja baada ya jingine. Mishamo ilikuwa ya mwisho, mwaka 1985. Miaka miwili kabla ya hapo, mwaka 1983, Mwalimu Nyerere alikuwa amepewa Medali ya Nansen ya UNHCR kwa namna nchi yake ilivyowapokea wakimbizi.

Sifa hizo hazikusimulia yote. Mwanaanthropolojia Liisa Malkki aliishi Mishamo katikati ya miaka ya 1980 na kuandika kitabu Purity and Exile, kilichotoka mwaka 1995. Alikuta watu waliojiona wametumiwa: wamefyeka msitu wa wengine, wamejenga barabara za wengine, na mazao yao yananunuliwa kwa bei wasiyoipanga. Hukumu yao ilikuwa kali, lakini ilikuwa na msingi. Kazi ya pamoja ambayo mtu hawezi kuikataa, katika mahali ambapo hawezi kutoka bila karatasi, ni vigumu kuiita ya hiari. Waliosifu kujitegemea kwa Mishamo mara chache walijiuliza mkimbizi angefanya nini kama angekuwa na chaguo.

Miaka ya 1990 ilibadilisha kila kitu. Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa Oktoba 1993, na mauaji ya kimbari ya Rwanda yakaanza Aprili 1994. Tarehe 28 na 29 Aprili mwaka huo watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara katika muda wa takribani saa 24. Walikusanyika Benaco, mahali palipopewa jina la kampuni ya ujenzi ya Kiitaliano iliyokuwa imepiga kambi hapo. Hapakuwa na muda wa kupima hekta wala kuchimba visima. Maji yalivutwa kwa mashine kutoka bwawani, yakatiwa klorini na kugawiwa kutoka matangi makubwa. Julai, katika kambi za Goma nchini Zaire, kipindupindu na kuhara damu viliua makumi ya maelfu ya watu katika wiki chache. Benaco ilinusurika na maafa ya ukubwa huo, na sababu mojawapo ni maji safi yaliyofika mapema na wahamasishaji wa afya, wengi wao wakimbizi, waliopita kibanda hadi kibanda wakitafuta wenye kuhara.

Lakini Benaco ilifunza jambo jingine lisilopendeza. Wakimbizi walikuwa wamefika pamoja na viongozi wao wa wilaya, na mashirika yaliwatumia viongozi hao kugawa chakula na kuchagua wasaidizi. Baadhi yao walikuwa wauaji. Juni 1994, mpango wa kumwondoa Jean-Baptiste Gatete, aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Murambi, ulizua ghasia kambini. Miaka mingi baadaye, mwaka 2011, mahakama ya Umoja wa Mataifa mjini Arusha ilimtia hatiani kwa mauaji ya kimbari. Anayeteua watu wa kujitolea kambini ana madaraka, na mashirika yalichelewa kulielewa hilo. Desemba 1996 Serikali iliwarudisha Wanyarwanda kwao, na kambi zao za Ngara zikafungwa. Radio Kwizera, iliyoanzishwa Ngara mwaka 1995 na Shirika la Kijesuiti la Kuhudumia Wakimbizi, ndiyo kumbukumbu ya kambi hizo inayosikika mpaka leo.

Uzoefu wa Goma na Ngara ulichangia kuandikwa kwa viwango vya Sphere, vilivyoanza kuandaliwa mwaka 1997. Vilitaja mambo ambayo kila mhudumu wa kambi sasa anayajua kwa kichwa: angalau lita 15 za maji kwa mtu kwa siku, bomba moja kwa watu 250, choo kimoja kwa watu 20. Kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa wilayani Kasulu mwishoni mwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita vya Kivu Kusini, iliendeshwa kwa kupimwa na takwimu hizo.

Wakimbizi wa Nyarugusu, wengi wao Wabembe wa Fizi wanaozungumza Kiswahili tangu utotoni, hawakupewa hekta. Walipewa kiwanja cha nyumba, mgawo wa unga, kunde au mbaazi, mafuta na chumvi, na Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 iliyowabana zaidi. Kuajiriwa nje ya kambi hakukuruhusiwa. Ndani ya kambi, mkimbizi aliyefanya kazi katika zahanati, shule au mradi wa maji alihesabika kuwa anajitolea, akapewa kiasi kidogo cha fedha kiitwacho motisha. Muuguzi Mkongo mwenye cheti na miaka kumi ya kazi alipokea sehemu ndogo tu ya mshahara wa Mtanzania aliyekuwa naye wodini. Hospitali ya kambi, iliyosimamiwa na Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania, isingeweza kufunguliwa hata asubuhi moja bila watu hao. Vivyo hivyo shule, zilizofundisha mtaala wa Kongo kwa Kifaransa kwa matumaini kwamba watoto watarudi.

Mabomba yalikuwa na wahudumu wake. Maji yanafunguliwa kwa saa maalumu, na kabla ya saa hiyo foleni ya madumu ya njano ya lita 20 huwa imeshapangwa, kila dumu likishika nafasi ya mwenyewe aliyekwenda kutafuta kuni. Mhudumu wa bomba huhakikisha hakuna anayeruka foleni, husafisha sakafu, na huripoti koki inayovuja. Mwingine hupita na kichupa cha kupimia: anachota maji, anatia kidonge, anatikisa, na maji yakigeuka ya waridi anajua klorini bado ipo. Yasipobadilika, habari hufikishwa kwenye tangi mara moja. Nje ya vyoo huning'inizwa kibuyu chirizi, dumu dogo lenye kamba ya kukanyaga kwa mguu, ili mtu anawe bila kulishika. Kifaa hicho hakigharimu karibu chochote, na husaidia kuzuia magonjwa.

Mwaka 2015 mpangilio huo ulielemewa. Machafuko ya Burundi kuanzia Aprili, Rais Pierre Nkurunziza alipotangaza kugombea muhula wa tatu, yaliwaleta maelfu kwa maelfu Kagunga, kijiji kidogo cha wavuvi kilichobanwa kati ya mlima na Ziwa Tanganyika. Mei kipindupindu kilizuka. Watu takribani 30 walikufa kabla hakijadhibitiwa. Meli ya MV Liemba, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ilibeba wakimbizi 600 hivi kwa kila safari hadi Kigoma. Kutoka hapo walipitia Uwanja wa Lake Tanganyika, kisha wakapanda mabasi ya Nyarugusu. Kambi iliyokuwa ya Wakongo zaidi ya 60,000 ikapita 150,000, ikawa miongoni mwa kambi kubwa kabisa duniani. Wakongo waliokuwa wamezoea kazi za maji na afya ndio waliowafundisha Warundi wapya. Kambi ya Nduta ilifunguliwa tena Oktoba 2015, na kambi ya Mtendeli Januari 2016.

Fedha hazikulingana na idadi ya watu. Mwaka 2017 mgawo wa chakula ulikatwa kwa kiasi kikubwa, na mtu aliyekuwa akijitolea kwa motisha ndogo akalazimika kutumia sehemu ya motisha hiyo kununua unga. Mapema mwaka 2018 Tanzania ilijiondoa katika mpango wa kimataifa wa kuwajumuisha wakimbizi katika uchumi wa nchi, ikitaja gharama na usalama. Mtendeli ilifungwa mwishoni mwa mwaka 2021, na watu wake wakahamishiwa Nduta.

Katika makazi ya zamani mambo yalikwenda kwingine. Uchunguzi wa mwaka 2007 ulihesabu watu wapatao 218,000 Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Wanne kati ya watano walichagua kubaki Tanzania. Zaidi ya 162,000 waliidhinishiwa uraia, na vyeti vyao vikaanza kugawiwa Oktoba 2014 baada ya miaka ya kusubiri. Wakati huo barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga ilikuwa inawekewa lami chini ya mpango wa Marekani wa Changamoto za Milenia, na mahindi ya Katavi yakapata njia rahisi ya kufika Tunduma na Zambia. Visima, madarasa na zahanati zilizojengwa kwa zamu za wakimbizi ziliingizwa katika hesabu za halmashauri: Katumba iko Halmashauri ya Nsimbo, Mishamo iko Wilaya ya Tanganyika, Ulyankulu iko Wilaya ya Kaliua. Katika uchaguzi mkuu wa Oktoba 2015 Ulyankulu ilikuwa jimbo na ilichagua mbunge wake.